Tandiko la Sufu

Usafi ndio uliomponza mke wa mwana. Alikuwa haingii chumba bila kitambaa cha vumbi mkononi, kama askari na rungu lake. Alipoliona tandiko la sufu juu ya kinanda cha santuri, limechakaa, linanata kwenye santuri kila ikiinuliwa, akalitupa, akaweka la mpira, jipya na zito. Hakuuliza mtu. Nani anaulizia tambara?

Jioni baba mkwe, aliyebakiwa na macho ya kutofautisha mlango na dirisha tu, akaitisha santuri yake. Ilikuwa moja tu duniani: marehemu mkewe aliiimba ujanani katika studio ndogo ya mjini, kabla hajawa mama wa mtu. Sindano ikashuka, sauti ikatoka nene, tulivu, bila mikwaruzo ya siku zote. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyu nani?" akauliza.

Kesho yake mawifi wawili na shangazi yao walikuwa wameijaza sebule, na habari ilishaota miguu: santuri ya mama imeuzwa, hii ni ya bandia. Hakuna aliyemtaja mwizi, ila macho yote yalijua pa kutua. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mke wa mwana akasema alichobadilisha ni tandiko tu. Shangazi akaguna: tandiko lile lilikatwa kwenye koti la marehemu. Gari la taka lilikuwa limekwisha pita.

Akakimbilia kwa fundi redio. Fundi akamweleza kwamba mpira hunyonya mtetemo, sauti ikapoa. Tena unene wake umeinua santuri, sindano haikai sawa. Akamwazima matandiko matatu ayajaribu.

Akayajaribu mbele ya wote. La ngozi likaipa sauti joto. Mzee akatikisa kichwa. La kizibo, kama vile vya chupa, likaikausha, utadhani mtu anaimba bafuni. Wifi mkubwa akasema labda wajaribu na mfuniko wa sufuria, wakacheka wasioona aibu. Likabaki la sufu. Sauti ikachangamka, mikwaruzo ikarudi. Ilikaribia mno, lakini mke wa mwana, aliyekuwa akiisikia kila jioni tangu aolewe, akasikia kuna kitu kimepungua.

Wote wakamgeukia mzee. Hata vijiko vya chai vikatulia.

"Ndiye," akasema. "Ndiye mama yenu. Mwacheni mkwe wangu."

Mawifi wakashusha macho. Punde vikombe vikaanza kugongana tena, umbea ukahamia kwa jirani. Mke wa mwana akainama kuinua sindano. Mzee akamshika mkono, akamvuta karibu.

"Siye, mwanangu," akanong'ona. "Kabla ya kiitikio alikuwa anavuta pumzi. Siisikii tena. Usiwaambie. Irudie."

Akairudisha sindano mwanzo. Mzee akatega sikio, akiingojea ile pumzi, na mke wa mwana pale pembeni akajikuta ameizuia ya kwake.