Melenaite Ampiga Baba Yake Eksirei

Kaka yangu Kepueli alifika nami kliniki ya Neiafu shavu limemvimba, akaamuru jino ling'olewe papo hapo. Picha hataki. Na mpiga eksirei wa meno ni binti yake mwenyewe, Melenaite. Nilimlea mimi shangazi yake, na nasema bila haya kwamba visiwa vyote vya Vava'u hakuna kama yeye.

"Mionzi yenu kapigieni samaki," Kepueli alisema. "Mmesahau mabomu ya nyuklia yalivyowafanya watu wa visiwa vile walikoyajaribia?"

"Yale yalikuwa mabomu, Baba. Picha hii haizidi mionzi unayoipata kwa siku moja kutoka angani na ardhini ukilima viazi vikuu vyako."

Lakini nilijua kinachomsumbua hasa. Kwetu Tonga mtoto hagusi kichwa cha baba yake. Basi Kepueli akakishika mwenyewe mdomoni kibati kidogo kinachonasa picha, Melenaite akaenda nyuma ya ukuta, akabonyeza kitufe. Picha ikatoka imekata ncha ya mzizi.

"Piga nyingine. Hata kumi, nitashika mwenyewe."

"Sipigi ovyo, Baba. Mionzi ni michache, ila haichezewi. Nitapiga moja, nikikuweka sawa kwa mikono yangu. Ukikataa, daktari atang'oa kwa kubahatisha."

Kepueli akainuka aondoke na usaha wake.

"Keti!" nikamkemea. Mimi ni dada yake, na kwetu dada yuko juu ya kaka hata kaka akiwa mhubiri. "Unataka tukuzike kwa ajili ya jino? Melenaite, mshike."

Melenaite akamwinua baba yake kidevu, akamgeuza kichwa taratibu, akarudi nyuma ya ukuta. Picha ikaja safi. Jino alilotaka ling'olewe lilikuwa zima kabisa! Usaha ulijificha chini ya mzizi wa gego la nyuma yake, mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Nilijaa fahari.

Daktari aliitazama, akapumua. "Nusura ning'oe jino zima. Nani kapiga picha nzuri hivi?"

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Melenaite akainamisha uso kwa aibu.

Kepueli akajibu kwa sauti yake ya mimbarini, kila mtu asikie: "Binti yangu. Alinishika kichwa kwa mikono yake miwili."