Pole ya Aliyeunguza Gauni

Asitafutwe wa kulaumiwa: Fundi alimtaka mgeni huyu mwenyewe. Chuo cha lugha kilipopita mtaani kuomba familia za kukaa na wanafunzi wa ng'ambo, wenzake walijifanya wana nguo za kuanua. Yeye akanyoosha mkono. Watoto wake wawili walikwisha kuoa na kuolewa, na nyumba ilikuwa imebaki na sauti mbili tu, ya cherehani yake na ya mumewe akikoroma.

"Mama watoto," mumewe alimwambia, "hata paka alitukimbia. Utamweza mtoto wa watu?"

"Paka alikimbia kukoroma kwako," alijibu Fundi, akaenda kutandika kitanda cha mgeni.

Mgeni akaja. Binti wa miaka ishirini hivi, mrefu hasa, na kabla mizigo haijashushwa alikuwa amekwisha kugonga paji la uso kwenye kizingiti cha juu cha mlango. Mume wa Fundi, ambaye kazi yake ni kutengeneza friji lakini kipaji chake ni kuwabandika watu majina, akamwita Mlingoti papo hapo. Jina likashika. Hata mwenyewe ukimwita hivyo anaitika, tena kwa furaha, maana alidhani ni cheo.

Na alikuwa mtoto mzuri, tusimnyime haki yake. Akirudi darasani haendi kujifungia chumbani na simu. Anakaa chumba cha mbele, penye cherehani, anashona vifungo, anakata nyuzi zilizozidi, anapiga pasi nguo zilizokamilika. Wateja wakimuuliza Fundi huyu nani, anajibu, "Binti yangu," na akiona wanashangaa anaongeza, "Kafuata urefu wa baba yake," ilhali mumewe akisimama kando ya friji, friji ndiyo inayoonekana. Fundi alimpenda yule mtoto, na hakuona haya kukiri hivyo.

Shida ilianzia mdomoni. Tangu siku ya kwanza kila mtu alimpokea Mlingoti kwa pole. Pole na safari. Pole na masomo. Pole na jua, na mvua iliponyesha, pole na mvua. Kile kizingiti peke yake kilimpatia pole za kutosha kufungulia duka. Mtoto mwenye akili lazima aokote neno linalomwagwa mbele yake namna hiyo, naye akaliokota.

Siku moja akavunja kikombe cha Fundi, kile cha maua alichokipenda. Akasimama juu ya vigae akiwa kainamisha kichwa. "Pole, Mama," akasema.

Fundi akamtazama. Kikombe chake, kavunja yeye, halafu anampa pole kama jirani aliyekuwa anapita njia! Akafagia vigae. Mumewe alipohadithiwa alicheka mpaka akapaliwa. "Angalau kakuliwaza," alisema. Wiki ile ile Mlingoti akamkanyaga kidole, kile chenye sugu: "Pole, Mama." Akasahau kufunga bomba, maji yakaingia mpaka chini ya kabati la vitambaa: "Pole sana, Mama." Fundi akaanza kujiuliza kama mtoto huyu anamfanyia mzaha.

Ndipo likaja gauni. Lilikuwa la hariri, rangi ya zambarau, la mama mmoja aliyekuwa anamwoza bintiye, na kitambaa alikuwa amekileta mwenyewe. Lilibaki kupigwa pasi tu. Fundi akasema pasi iwe ya moto mdogo, akatoka mlangoni kumsikiliza mteja. Aliporudi ilimpokea harufu. Kifuani pa gauni palikuwa na alama ya pasi, kamili, mpaka ile ncha yake.

Mlingoti alikuwa kaweka mkono mdomoni. Akauteremsha polepole. "Pole, Mama," akasema. "Pole sana. Pole sana sana."

"Pole ya nini?" Fundi aliuliza. "Aliyeunguza nani?"

"Mimi," Mlingoti akajibu. "Pole, Mama."

Fundi akameza hasira zake. Alichukua mkasi, akaondoa kipande kizima cha mbele, akaweka lesi nyeupe kutoka shingoni hadi kiunoni. Mwenye gauni alipokuja aliligeuza mara kadhaa, akauliza lini yeye aliagiza lesi, akalijaribu, akajitazama kwenye kioo, akasema linampunguza tumbo. Akaondoka nalo. Kwa hiyo kesi ya gauni ilikwisha siku hiyo hiyo, na mtu asije akasema Fundi alimfukuza mtoto wa watu kwa sababu ya nguo.

"Kujikwaa si kuanguka," mumewe alimwambia jioni wakila. Mlingoti alikuwa chumbani, amesema hana njaa. "Mtoto ameomba radhi."

"Hajaomba. Amenipa pole. Kwani mimi nimefiwa?"

"Si mwambie tu."

"Nimwambie aniombe msamaha? Msamaha wa kuombwa uombwe, ni msamaha huo? Leo gauni, kesho ataunguza nyumba. Nitasimama kwenye majivu napewa pole."

Akasubiri. Aliamini mtu mwenye moyo akiachiwa muda kosa lake litamrudia. Kumbe Mlingoti naye aliona amenuniwa, akazidisha. Aliosha vyombo ambavyo havijachafuka. Alifagia ua ambao umekwisha kufagiwa. Na kila asubuhi kabla ya kwenda darasani alisimama mbele ya cherehani, macho chini: "Pole, Mama." Kila pole ilikuwa kumtonesha kidonda. Maji yakazidi unga. Fundi akapiga simu chuoni, akasema mgeni wake hamwezi, wamtafutie pengine.

Chuo hakikubisha. Wakasema amlete na mizigo yake, familia nyingine itakuja kumchukua mchana. Mumewe alikataa hata kuaga. "Aliyemfukuza ndiye amuage," alisema, akabeba bisibisi zake akaenda kazini.

Walikwenda wawili, begi katikati yao. Mlingoti akaachwa kwenye benchi la ukumbini, Fundi akaingia kwa mwalimu, mama mmoja mwenye miwani na meza iliyojaa vikombe vya chai iliyopoa.

"Ni mwizi?" mwalimu aliuliza.

"Hapana."

"Mvivu?"

"Kwa kazi ananishinda mimi."

"Sasa kakukosea nini?"

"Hajui kuomba msamaha," Fundi akasema. Akaeleza yote, kikombe, kidole, bomba, gauni. "Kaniunguzia kazi ya watu, ananiambia pole. Na kila asubuhi ananirudia nayo."

Mwalimu akavua miwani. "Mama, kwao neno ni moja. Ukifiwa wanakupa hilo, wakikukosea wanakuomba kwa hilo hilo. Alipofika kwenu akatafuta neno letu lenye uchungu ndani yake, akawaona nyote mnasema pole mmekunja uso. Akajua ni hilo."

"Na samahani? Hamuwafundishi samahani?"

"Siku ya kwanza. Samahani, benki iko wapi? Samahani, sasa ni saa ngapi? Kwake samahani ni neno la kumsimamishia mtu njiani. Sasa ameunguza hariri ya watu, Mama yake kamkasirikia. Amwambie neno la kuulizia benki?"

Fundi akaanza kuhesabu kwa vidole. Alikuwa anazirudia zile pole moja moja. Ya vigae, ya maji, zile tatu za mkono mdomoni, na za asubuhi zote. Mtoto alikuwa anamwangukia kila siku, na yeye anakanyaga cherehani makusudi ili pole hiyo isisikike. Aibu ilimshika mpaka akaona kiti kinamchoma.

"Basi ghairini," alisema. "Arudi nami."

"Si langu kughairi. Ile familia nyingine iko njiani, na yeye amekubali kwenda. Nilimuuliza jana. Alisema Mama amechoka naye, hataki kumchosha zaidi. Muulize mwenyewe."

Fundi akatoka. Mlingoti alikuwa bado kwenye benchi, magoti juu kwa ufupi wa benchi, begi kalikumbatia. Uso ulikuwa umelowa.

Fundi hakuwahi kumwomba radhi mtu mwenye umri wa mtoto wake. Hata kwa wanawe, siku alizokosea, alipika chakula wanachokipenda na jambo likaishia hapo. Hapa hapakuwa na jiko. Akapiga moyo konde.

"Samahani, mwanangu," akasema.

Mlingoti akasimama mara moja. Akajifuta macho kwa kiganja, akainama kidogo ili asikie vizuri, kama anavyosimama mtu mwenye adabu aliyesimamishwa njiani na mgeni.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Unataka kuuliza nini?"

Fundi akafungua mdomo amweleze kwamba haulizi kitu, kwamba neno hilo lina kazi nyingine kubwa zaidi. Akaghairi. Akamtazama yule mtoto aliyengoja swali.

"Nauliza kama utarudi nyumbani," akasema.

Mlingoti alifikiri. Kisha akajibu kwa sentensi nzima, kama wanavyotakiwa kujibu darasani.

"Ndiyo, Mama. Mimi nitarudi nyumbani."