Kinga ya Marehemu Godefroid

"Usiniapie Mungu, Magloire! Weye njo unanunuaka vyuma humu, hapana miye!"

Mama Georgette alikuwa amefunga kitenge upya mara ya tatu, na mwanamke akifunga kitenge mara ya tatu mtaani kwetu Kikula, watu huacha sufuria motoni waje kuangalia. Mkononi alishika turubai tupu, lile lililokuwa likifunika kinga, yaani baiskeli, ya mumewe Godefroid.

"Kinga ya mulume wangu iko wapi?"

"Mama, minakuambia sikuiona!"

"Ilikuwa pale ku kibambazi. Minatoka Lubumbashi, minakuta bâche peke yake!"

"Labda ilienda yenyewe," akasema Magloire. "Mwenyewe alikuwaka mutu wa safari."

Wawili watatu walicheka, kisha wakakumbuka kwamba mwenyewe yuko kaburini mwezi wa saba sasa, wakafunga midomo. Hapo Magloire akawa amejimaliza. Mnunuzi wa vyuma chakavu, mizani iko mlangoni, baiskeli imepotea, na juu yake anamtania marehemu! Nani angetafuta mwizi mwingine?

Upande wa pili wa kibambazi hicho, ule ukuta wa ua, Casimir alikuwa amesimama na spana, vidole vina rangi ya kijani.

Huyu Casimir ni fundi wa pampu kiwandani. Mwaka juzi daktari alimpima presha, akamwambia apunguze bia. Sasa Jumamosi ya mtu aliyeacha bia ni ndefu, jamani. Akaanza kwa kufungua baiskeli yake mwenyewe, kuona tu kilichomo. Ikafuata ya shemeji yake. Kabla mvua hazijaisha, alikuwa anakaa uani tangu asubuhi, rimu iko mbele yake, anagonga spoku moja moja na kusikiliza ipi imelegea. Hakutoza mtu chochote. Ilikuwa raha yake. Mkewe Marlène alicheka na jirani zake: "Wengine mabwana yao biko na mabibi inje. Wangu iko na makinga."

Halafu akaingiwa na hamu ya kuunda ya kwake. Ndefu, yenye kiti cha nyuma cha kumbeba Marlène pamoja na mabeseni yake mawili mpaka sokoni. Kwa kazi hiyo alihitaji chuma cha zamani, kile kizito kisichopinda. Na chuma cha zamani kilikuwa hapo hapo, mkono mmoja kutoka ukutani kwake: baiskeli ya Godefroid, ile iliyoleta samaki kutoka ziwa la Tshangalele miaka na miaka, sasa matairi yamelala na majani yameota katikati ya spoku.

Kwa kina Casimir, vitu vya marehemu hugawanywa kabla waombolezaji hawajatawanyika. Kinachobaki nje kwenye mvua, hata kikifunikwa, kimetupwa. Alijua hivyo tangu utoto, na wiki ile Mama Georgette hakuwepo wa kumuuliza. Akaivusha juu ya ukuta mchana kweupe, akipiga mluzi.

Hakujua kwamba kwa kina Godefroid ni kinyume. Baiskeli ya marehemu haiingizwi nyumbani wala haipandwi mpaka siku ya kumaliza matanga. Inakaa nje, ndugu zake wote waione, maana mjane akiiingiza ndani ni kama ameichukua.

Basi hilo la kutojua mtu angemsamehe. Lakini akiwa anasugua kutu, chini ya pedali, pale mabomba ya kadre, ile fremu ya baiskeli, yanapokutana, msasa ulifunua herufi zilizochongwa kwa msumari: GODEFROID. Alizitazama muda mrefu. Alikuwa ameshakata kadre vipande viwili. Akachovya brashi, akapaka kijani. Ilipokauka, akapaka tena.

"Papa Casimir!" Magloire alikuwa amemwona juu ya ukuta. Uso wake ulijaa tumaini. "Weye unajua makinga. Baambie! Miye kadre ya vile ninaipeleka wapi?"

Watu wote wakageuka. Ilikuwa nafasi yake, imeletwa mpaka mdomoni. Casimir akapangusa vidole vya kijani kwenye suruali.

"Ku mizani," akasema, "chuma ni chuma tu."

Hakujua yeye mwenyewe kauli hiyo ilitoka wapi. Magloire alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na ndugu yake, akaingia kwake na kufunga mlango.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Waliokuwa wakimletea Magloire vyuma walipita na mikokoteni yao bila kusimama. Kwenye bomba la maji, mkewe alifika na wengine wakakumbuka wana kazi nyumbani. Na baiskeli ya kijani? Ee, hiyo ilisifiwa! Marlène alipita nayo barabarani kama waziri, watu wanaita, "Papa Casimir, mikono yako ni ya muzungu!" Casimir akaacha kugonga spoku. Ijumaa jioni bukari, ugali wetu, ilimshinda, akawa anaifinyanga tu.

"Kesho bakwabo Godefroid banafika," Marlène akasema. "Mama Georgette iko analia tangu asubuhi. Batasema ameuza kinga ya bwana yake." Akaitazama baiskeli ya kijani mlangoni. "Ile yetu, vyuma ulivitoa wapi?"

"Hapa na pale."

Marlène akaondoa sahani. Kesho yake alikwenda sokoni kwa miguu, mabeseni yote mawili kichwani.

Ndugu za Godefroid walifika kabla ya saa sita, wameongozwa na mkubwa wao Éphraïm, mtu mrefu asiyecheka hovyo. Vitu vya marehemu vilitandazwa juu ya mkeka: suti, redio, viatu, jembe. Mama Georgette alikuwa amepika tangu alfajiri, harufu ya samaki na sombe la majani ya muhogo ilivuka ukuta mpaka kwa Casimir aliyekaa uani bila kazi, anasikiliza.

"Na kinga?" Éphraïm akauliza.

"Shemeki, iliibiwa."

"Iliibiwa. Nani aliiba?"

Mama Georgette akafungua mdomo, jina la Magloire likiwa limeshafika ulimini, akashindwa. Hakuwa na shahidi.

Beseni la kunawia mikono lilikuwa limeletwa. Éphraïm alilisukuma kwa ncha ya kiatu.

"Rudisha maji. Hatukule hapa."

Siku ya kumaliza matanga, kukataa chakula cha mjane ni kumwambia mbele ya watu: umekula mali ya ndugu yetu. Mwanamke akishaambiwa hivyo, hana ukoo tena. Mama Georgette akakaa chini pale pale.

Casimir akainuka. Alishika baiskeli ya kijani kwenye usukani, akaisukuma nje ya geti lake, akazunguka ukuta mzima mbele ya watu, akaingia nayo mpaka kwenye mkeka.

"Iko hii," akasema. "Hakuiuza. Miye niliichukua, hakukuwa mutu. Niliwaza imetupwa. Kisha nikaona jina yake, nikapaka rangi juu."

Éphraïm alimtazama yeye, akamtazama shemeji yake. "Mwanaume wa kibambazi kimoja na mujane, anakuya kumuteteya. Munaona, bandugu?"

"Hapana!" Sauti ya Casimir ilipasuka. "Huyu mama hajui kitu! Anaangalia kinga hii siku zote inapita, hajui! Na Magloire alitukanwa, miye nilikuwa pale, nikaongeza."

Éphraïm akachuchumaa. Alipitisha kiganja kwenye kibebeo cha nyuma, kile cha ndugu yake, taratibu, kikakoma kwenye kiungo kimoja kilichochomelewa vibaya.

"Hapa njo tulichoma naye," akasema. "Mvua ilikuwa inanyesha." Akamgeukia Casimir. "Unaweza kuirudisha vile ilikuwa?"

"Siwezi, mukubwa. Nilikata."

"Basi njo yenyewe, hakuiuza. Tutaipeleka hivi hivi." Akainuka, magoti yakalia. "Leteni maji."

Watu wakapumua. Beseni likarudi, wanawake wakafunua sufuria, ndugu wakaingia ndani mmoja mmoja. Casimir alibaki uani, mikono haina pa kwenda. Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lilimchoma.

Mama Georgette alimpita bila kumtazama. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Magloire, akapiga goti, akapiga makofi polepole kama anavyoombwa mkubwa.

"Ba Magloire, nilikutukana bule. Kuya ukule."

Magloire alitoka, shati halijafungwa vifungo. Akaja mpaka kwenye mkeka, akaikagua ile ya kijani mbele na nyuma, akamgeukia Casimir.

"Chuma ni chuma, eh?"

Casimir akainamisha kichwa.

"Miye siingii," Magloire akamwambia Mama Georgette, "huyu akibaki hapa inje anatuhesabia mifupa ya samaki. Nitashindwa kumeza."

Mama Georgette akavuta pumzi. Kwa mara ya kwanza akamtazama jirani yake, macho mekundu, bila tabasamu. Akasogeza pazia la mlango kwa kiwiko.

"Ingia, Papa Casimir. Bukari inapoa."