Golikipa wa Tatu

Mzee Wabwile hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na runinga, wala hakuwa na cheti chochote ila kile cha ngumbaru, kisomo cha watu wazima, alichokitundika juu ya kitanda. Barafu hakuwahi kuiona, isipokuwa vipande vinavyoelea kwenye ndoo ya soda. Mke hakuwa naye tena. Alikuwa amemtangulia udongoni. Mtoto alikuwa mmoja tu, Jentrix, muuguzi huko Ujerumani, na mjukuu mmoja, Nelima, msichana wa miaka kumi na saba ambaye babu yake alimwona kwa simu tu. Kitu ambacho mzee hakupungukiwa nacho ni majivuno.

Basi Nelima alipoitwa timu ya taifa ya wasichana ya Ujerumani, ya mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, Kitale nzima ilijua. Mzee alihakikisha.

Jumapili Jentrix akapiga simu, sauti imemlegea.

"Baba, wamemweka golikipa wa tatu. Hatacheza, labda wenzake waumie. Analia tu. Anataka kumwambia kocha hapana. Mimi hanisikii, lakini barua zako anazilalia chini ya mto. Mwandikie. Rosaline, mwenzangu wa kazi, yuko likizo Bungoma, anarudi Alhamisi. Mpe aje nayo."

Mzee alichukua kalamu papo hapo. "Mjukuu wangu, mtoto wa Wabwile hakai benchi. Waachie kiti chao."

Ili apate ushahidi kwamba kocha amekosea, alienda na barua hiyo kwa rafiki yake Hamid, muuza vipuri vya baiskeli karibu na msikiti, aliyekuwa na simu yenye kioo kipana. Hamid akafungua majina ya wachezaji wa Ujerumani, na ya wapinzani wao, Uswidi na Ucheki. Wakainama juu ya kaunta, wakilinganisha urefu, uzito na mwaka wa kuzaliwa kama wanunuzi mnadani.

"Ona! Huyu golikipa wao wa kwanza ni mfupi kuliko Nelima. Kocha hana macho."

"Baba Jentrix, golikipa hapimwi kama mlango, bana."

"Na hawa Waswidi?"

"Hao ni milingoti. Wewe wangekufunga hata ukilala golini."

"Mimi? Meno haya niliyaacha uwanjani Matulo!"

"Juzi ulisema ni muwa."

Hamid alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha kidole chake kikasimama kwenye kioo.

"Ngoja. Uswidi makipa watatu. Ucheki watatu. Kila nchi imebeba wa tatu. Sasa niambie, hawa wote ni wajinga? Ati wanasafirisha mtu, wanamlisha, akatazame tu?"

Mzee akakumbuka shamba la Matulo.

Marehemu baba yake alikuwa akilima Matulo kwa ng'ombe wanne, lakini shambani alienda na watano. Wa tano, Kijivu, alitembea kando bila nira, mstari kwa mstari, kwenda na kurudi, mpaka jua lilegee. Majirani walicheka, wakasema mzee anatembeza ng'ombe kama bibi harusi. Jioni baba alipogawa chumvi, alianza na Kijivu.

"Lakini huyu hajavuta," Wabwile, wakati huo kijana, alilalamika.

"Wenzake wamevuta," baba alijibu. "Huyu amengoja. Jaribu wewe."

"Baba Jentrix, umelala?" Hamid aliuliza.

"Nipe karatasi."

"Si umekuja na barua tayari?"

"Hiyo ni ya kuwashia jiko."

Alhamisi asubuhi alikutana na Rosaline kwenye hoteli moja Bungoma. Mzee aliagiza ugali na mboga, akatoa barua, akaisoma mara ya mwisho kwa sauti ya chini.

"Nelima wangu, nimelinganisha majina ya nchi tatu, na kila nchi ina wa tatu wake. Nilikuwa nimeandika uache. Nilikosea, usiache. Nenda nao. Wasipokuita, tembea kando yao mpaka jioni, kama ng'ombe wa babu yako aliyeitwa Kijivu, ambaye mama yako atakusimulia. Chumvi yako iko kwangu, na utaanza wewe."

Alisita. Akakata "babu yako", akaandika "baba yangu".

"Babu, si niipige picha nimtumie sasa hivi?" Rosaline alisema. "Ataisoma kabla sijafika uwanja wa ndege."

"Picha hailaliwi chini ya mto, mama."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Mzee alimega ugali kidogo, akauviringisha kwa vidole mpaka ukalainika, akaupaka ukingoni, akagandamiza kwa dole gumba na kungoja. Uliposhika, akamkabidhi Rosaline bahasha kwa mikono miwili.