Barua za Zuleika

Siku ya kwanza ya maonyesho ya vitabu, Zuleika hakufungua kibanda chake cha maharage katika soko la Nakawa. Alijitanda mtandio mpya, akapanda kilima kwa miguu hadi ukumbini, karibu na Kyambogo. Alikuwa amesoma kwa miaka thelathini, chochote kilichomfikia, hata gazeti lililofungiwa karanga, lakini hakuwa amewahi kumwona mwandishi kwa macho yake.

Mchana kulikuwa na kikao cha waandishi wa Kiswahili. Wa tatu kusoma alikuwa Séraphine, mwanamke wa makamo kutoka Bujumbura, mwenye hereni ndefu na sauti ya taratibu. Alisema anasoma barua ambayo mke mmoja anamwandikia mumewe aliye vitani.

"'Mvua imevunja paa. Nimefunika vitabu kwa turubai, maharage nikayaacha. Leo gunia zima limeota. Nisamehe. Upande wako wa kitanda silali. Nimepanga vitabu hapo, nisije nikauzoea ukiwa mtupu.'"

Ukumbi ukapiga makofi. Zuleika hakupiga. Maneno yale aliyaandika yeye, miaka kumi na miwili iliyopita, mumewe Ocaya alipokuwa mwanajeshi Mogadishu. Yeye Mnubi, mume Mwacholi. Nyumbani walizungumza Kiswahili, na kwa Kiswahili alimwandikia, kwa sababu simu za kule zilikatika ovyo. Alimsimulia kila kitabu alichosoma, sura kwa sura. Ocaya aliporudi alisema barua zimepotea kwenye mizigo, na Zuleika hakumhoji.

Maswali yalipofunguliwa, mkono wake ulikuwa wa kwanza juu.

"Huyu mwanamke wa maharage, dada, ulimtoa wapi?"

Séraphine akatabasamu. "Kichwani mwangu, mama. Kazi yetu ni kubuni."

Zuleika akaketi. Mtu hadanganyi bila sababu. Akazitazama zile hereni, akahesabu miaka. Je, huyu naye alikuwa Mogadishu? Alikuwa nani huko, mpishi, mkalimani, au kitu kingine? Na barua ya kitanda ingetokaje mfukoni mwa mwanamume kama hakuitoa mwenyewe?

Alikinunua kile kitabu, akakisomea nje, amesimama kando ya ukuta. Alizikuta barua zake nne. Jina la mume limebadilishwa, lakini kovu la Ocaya la begani lilikuwepo, bega lilelile la kushoto. Akampigia Ocaya, ambaye siku hizi alikuwa mlinzi wa ofisi moja mjini.

"Baba Alanyo, unamjua Séraphine?"

"Séraphine nani? Mimi simjui."

"Wa Bujumbura."

"Mama Alanyo, niko kazini. Tutaongea nyumbani."

Kule kukwepa kulimuumiza kuliko jibu lolote. Angemwambia nini binti yao Alanyo? Alirudi ndani, akapanga mstari mbele ya meza ambako Séraphine alikuwa akiwatilia wasomaji sahihi. Watu saba walikuwa mbele yake. Aliitazama kila ishara ya mkono wa yule mwanamke, kila cheko, akijaribu kumwona kama Ocaya alivyomwona. Zamu yake ilipofika, alikiweka kitabu mezani.

"Niandikie: kwa Zuleika, mke wa Ocaya."

Kalamu ikasimama. Séraphine akainua uso.

"Zuleika wa Nakawa?"

"Nani alikupa jina langu?"

Séraphine aliwaomba radhi waliokuwa nyuma, akamvuta hadi chumba cha pembeni. Akatafuta picha kwenye simu.

"Mdogo wangu alikuwa muuguzi wa jeshi letu, kambi moja na Waganda. Alirudi na daftari hili. Tazama, dada."

Zuleika aliitwaa simu. Mwandiko haukuwa wa Ocaya. Juu ya kila ukurasa palikuwa na tarehe na mstari mmoja: *Leo Ocaya ametusomea. Tulikuwa thelathini na mmoja.* Chini yake, barua yake, neno kwa neno.

"Mbona ulisema umebuni?"

"Niliogopa. Nilijua si zangu, na sikukutafuta. Ni wizi, sina jina jingine."

Zuleika alisoma kurasa tatu. Shaka ilimtoka, na mahali pake ikaja hasira iliyonyooka.

"Toleo lijalo liwe na jina langu. Kwenye jalada, si ndani. Na uandike ahadi hiyo sasa hivi kwenye karatasi, mchapishaji wako akiona."

Séraphine akamwita mchapishaji, akaandika, wote wawili wakatia sahihi.

Jioni Ocaya alimkuta uani akipepeta mchele, ile karatasi iko kwenye kiti. Aliisoma mara mbili.

"Barua zangu ulizitoa kwa watu," Zuleika alisema.

"Sikuzitoa. Nilikuwa nasoma kwa sauti. Wale jamaa hawakuwa na kitu, Mama Alanyo. Gari la posta likifika wanauliza, 'Zuleika ameandika?' Mwisho zikachanika kwa kushikwa. Nikaona aibu kukuambia. Leo uliposema Bujumbura, nikamkumbuka yule muuguzi aliyekuwa akizinakili."

"Hata ile ya kitanda?"

Ocaya akainamisha kichwa. "Ile waliiomba tena."

Zuleika aliendelea kupepeta, na makapi yakamwangukia mumewe viatuni. Hakuwa na hakika kama amemsamehe, wala hakuona haraka ya kujua. Ocaya hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akavua kofia ya kazi.

"Kile kitabu cha mwisho hukumaliza kutusimulia. Nilirudi kabla. Odera, tuliyekuwa naye kambini, hunipigia simu mpaka leo, anataka kujua kama yule bibi wa kitabuni alivuka mpaka."

"Odera angenunua kitabu."

"Anasema anataka kwako."

Zuleika aliweka ungo chini. "Alivuka," alisema, "lakini mpakani walimnyang'anya mtoto." Akasogeza kigoda karibu, akaanza kumweleza ilivyokuwa.