Upande wa Kinsevere

Nilipowaona wanawake wenzangu wakinijia uso kwa uso kwenye barabara ya Kinsevere, niliwaonea huruma. Mashindano mazima yamepotea njia! Nikawapungia mkono wageuze baiskeli. Hakuna aliyegeuza. Chisanga alinipita akinikodolea macho, wengine wakamfuata, na vumbi jekundu likanijaa mdomoni.

Mpaka leo sijui niligeukia wapi. Nakumbuka nilikuwa mbele, peke yangu, tangu Luano tulikoanzia. Klabu yetu ilikuwa inampeleka mwanamke mmoja tu, mshindi wa siku ile, Kinshasa kwenye mashindano ya taifa, na nafasi hiyo nilikuwa nimeitafuta miaka minne, nikijidunga sindano ya insulini kila asubuhi. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Nikanywa chupa yangu, ile ya maji ya sukari ninayoibeba kwa saa kama hiyo, sukari mwilini inaposhuka. Nikanywa tena. Ladha ilikuwa ya maji matupu, nikadhani ulimi nao umeanza kunidanganya.

Plamedie ndiye aliyesimama. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, ametangaza kwamba anakimbiza baiskeli kwa mara ya mwisho, na mbele yake alikuwepo Chisanga tu, hatua chache. Alishuka, akashika usukani wangu.

"Léonie, uko nakwenda wapi?"

"Ku nyumba. Ni nyinyi ndio munapotea."

Akatoa chupa ndogo ya soda kwenye mfuko wa mgongoni. Nilimpiga kofi, hilo nimelijua kwa kusimuliwa. Akanishika kidevu kama mtoto anayekataa dawa, akaninywesha mpaka ikaisha. Nilipoanza kuelewa niko wapi, barabarani palikuwa na malori ya shaba tu, hakuna baiskeli hata moja. Chisanga ndiye aliyekwenda Kinshasa.

Mama yangu, mama Victorine, alikiri bila kuulizwa, akifua jezi yangu. Asubuhi ile alikuwa ameonja chupa, akaimwaga, akajaza maji aliyoyaombea na wenzake wa kikundi cha sala.

"Mutoto wangu, docteur alikukatala sukari. Nilisema uko najiua."

Nilikasirika, nikacheka, kisha nikalia, na sikujua namlilia nani. Huyu alitaka kuniokoa, kidogo aniue. Yule aliniokoa kweli, nami nikamkosesha safari yake ya mwisho. Nikijaribu kupanga nani ananidai msamaha na nani namdai, kichwa kinavurugika kama siku ile barabarani. Mara tatu nimemwuliza Plamedie kama ni mimi niliyemwomba asimame.

"Sikumbuke," hujibu. Anakumbuka vizuri sana.

Mwaka huu amerudi, yeye aliyesema amemaliza. Mama naye alikuja Luano, amevaa kitenge chake cha kanisani. Alifungua chupa yangu mbele ya watu wote, akapiga funda, akakunja uso kwa utamu.

"Iko sukari," akasema, akanipa. Kisha akatoa ya pili kwenye mfuko wake, akampa Plamedie.

Plamedie aliipokea kwa mikono miwili. Tukajipanga. Nikafungua mdomo nimwulize mara ya nne.

"Léonie," akaniwahi, macho yake barabarani, "leo tukwende upande moja."

Bendera ikashuka.