Kitu Kimoja Hakijarudishwa

Kijiko cha kwanza cha uji kilikaa kifuani muda wa kuhesabu hadi ishirini, kisha kikarudi. Mwanvua alikitemea katika kopo la plastiki lililokuwa miguuni pake, akafuta midomo kwa ncha ya kitenge, akajaribu maji. Maji nayo yakarudi. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, na tangu kilio cha Jumamosi hakuna kitu kilichopita, hata mate yake mwenyewe.

Na huyu ni mwanamke aliyepika miaka tisa katika kantini ya mgodi, kwenye barabara ya Mutoshi. Alisonga bukari, ugali wa mahindi, kwa wanaume mia nne wa zamu moja, hata wakambatiza jina la Mama Bukari.

Rehema, dada wa mume wake Nasoro, alitokeza mlangoni.

"Mwanvua, hata mayi haipite?"

"Haipite."

"Na Nasoro?"

"Iko njia ya Dilolo na camion ya mizigo. Simu haiingie, réseau hakuna."

Rehema alilitazama kopo. Yeye ndiye aliyempakulia Jumamosi. Lakini tusimlaumu Rehema, maana kisa hakikuanzia kwenye sinia.

Kilianza miaka miwili nyuma, daktari wa kampuni alipompima Mwanvua, akakuta kilo mia na thelathini na moja, akaandika kwamba hafai kazi. Magoti, presha, sukari. Mtaani Kanina kilo hizo zilikuwa heshima, na Nasoro alijidai nazo. Kampuni ikasema ina mpango. Daktari bingwa alikuwa akija kutoka nje kila miezi mitatu, bima ingelipa, Mwanvua angefungwa mpira mdogo sehemu ya juu ya tumbo, akonde, abaki na sufuria zake. Akakubali. Nani angekataa, na mshahara ndio huo?

Chini ya ngozi, karibu na mbavu za kushoto, walimwachia kidude kama kifungo cha koti. Hapo daktari alichoma sindano: akitia maji mpira unabana, akiyatoa unalegea. Kilo hamsini zilikwenda, na heshima ikazifuata. Watu walianza kunong'ona kwamba ana ule ugonjwa. Safari ya mwisho daktari aliukaza mpira kuliko siku zote, akaahidi kurudi baada ya wiki sita kuulegeza ikibidi. Wiki ya nne mkataba wa kantini ukaisha. Wapishi wote walitolewa siku moja, mpango ukafungwa, na daktari hakuonekana tena Kolwezi.

Jumamosi ikaja. Shangazi wa Nasoro alikuwa amefariki, na wanawake walizunguka sinia. Mwanvua alijua vizuri kwamba bukari imekatazwa kwake, inavimba, inakwama. Lakini alijua pia kwamba mke wa ukoo asipokula kwenye kilio, watu watauliza anaogopa nini, au amefanya nini. Tayari mmoja alikuwa amesema kwa sauti, "Yee hakule? Juu ya nini?" Basi akala matonge matatu, upesi upesi, ili wote waone. La tatu ndilo lililobaki pale, na nyama ya tumbo ikavimba ndani ya mpira.

Jumapili, katika hospitali ya serikali, daktari kijana aitwaye Elisée alimtundikia chupa ya maji mkononi, kisha akamwambia ukweli.

"Mama, hii kintu mi nilisomaka tu mu kitabu. Inaomba sindano yake. Ya kawaida inaweza kupasula kile kifungo. Huku kwetu hakuna."

Aliandika barua kwa kliniki ya kampuni: watoe sindano, watoe na mtu anayejua, mililita mbili zitolewe. Kazi ya dakika tano.

"Ufanye mbio," alisema. "Siku mbili zingine, mafigo itachoka."

Kwa hiyo Jumatatu hiyo Mwanvua alipanda pikipiki na barua yake na kopo lake, akimeza vumbi, kitu pekee kilichokubali kuingia. Getini mlinzi Stany alimvisha beji ya mgeni, akaandika jina lake daftarini.

"Mama Bukari! Wee ulipungua sana."

"Ni vile, Stany."

Muuguzi Tshiamala ndiye aliyekuwa akimshikia daktari sinia ya vifaa kila safari. Aliisoma barua, akabonyeza kidogo kwa kidole juu ya kitenge.

"Iko hapa. Hii nitaichoma hata macho yamefungwa."

Wote wawili waligeuka kutazama kabati la kioo. Sindano tatu zilikuwa pale ndani ya karatasi zake. Mlango ulikuwa umebandikwa utepe wenye mhuri, tangu mpango ulipofungwa, ukisubiri watu wa kuhesabu vifaa.

"Dakika tano, tata Tshiamala."

"Mama, nikikata hii scellé, kesho mi niko inje sawa weye. Batoto beko sita." Alisema akiangalia chini, na Mwanvua aliona kwamba anaona aibu. "Uende kwa madame Brigitte, kule bureau ya bafanyakazi. Akupe bon, karatasi ya ruhusa. Ukirudia na bon, nachoma pale pale."

Ofisi ya Brigitte ilikuwa na baridi ya mashine. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akaisoma barua mpaka mwisho, akaangalia kompyuta.

"Mama Mwanvua, bon ni ya bafanyakazi. Contrat yako iliisha."

"Na hii balinitiaka mu mwili?"

"Ile ilikuwa ya programme. Programme ilifungwa."

Akavuta faili, akatoa karatasi moja na kuigeuza ili Mwanvua aisome. Beji, moja. Kofia ngumu, moja. Viatu vya kazi, jozi moja. Aproni, mbili. Ufunguo wa kabati, mmoja. Chini yake: mfanyakazi amerudisha mali yote ya kampuni, hakuna anayemdai mwenzake. Na sahihi ya Mwanvua.

"Unaona? Ulirudisha byote."

Mate yalikuwa yamemjaa. Mwanvua alitema katika kopo, na Brigitte akatazama dirishani.

"Hapana, madame. Sikurudisha byote."

Akapandisha blauzi. Ngozi ilikuwa imelegea, na kifungo kilionekana wazi, kimeinuka.

"Hii. Kama ni yangu, munipe mutu wa kuilegeza. Kama ni yenu, muitoe. Lakini musiniambie ya kama tulimalizana."

Brigitte aliinua simu, akazungumza Kifaransa kwa sauti ya chini, akaiweka. Mkurugenzi alikuwa kwenye mkutano.

"Uandike demande, barua ya kuomba. Itaenda Lubumbashi, itarudia. Wiki mbili. Labda tatu."

Wiki tatu! Mtu hajameza mate siku mbili. Mwanvua alihisi hasira ikimpanda, halafu ikapotea, kwa sababu hata hasira inataka chakula. Ilibaki hofu tu. Aliichukua kalamu iliyofungwa kwa kamba mezani, akainama juu ya ile karatasi, na chini ya sahihi yake akaandika polepole: Mpira mmoja, ndani ya tumbo. Bado kurudishwa. Akatia sahihi tena, na tarehe.

"Mama, unaharibu document!"

"Naitengeneza."

Brigitte aliisoma karatasi ile mara mbili. Kisha akairudisha katika faili na kulifunga, maana kwenye kompyuta hapakuwa na mahali pa kuandika mstari huo.

Nje, kantini mpya ilikuwa imeanza kupakua. Harufu ya bukari ilimfuata Mwanvua mpaka getini. Alivua beji ya mgeni, akaiweka mezani. Stany akalitafuta jina lake daftarini na kuuliza kama anavyouliza kila anayetoka:

"Ulirudisha byote, Mama Bukari?"

"Bado," alisema Mwanvua, akaenda kusimama kando ya barabara na kopo lake.